Kazi ya Kiti: Benjamin Mkapa wa Lupaso na Mikutano Mikubwa

Wanahistoria wa Afrika ya Mashariki wameandika mengi juu ya wasemaji, na machache sana juu ya wenyeviti. Sababu yake haifichiki. Msemaji husimama, husikika, na maneno yake huchukuliwa hata vijiji vya mbali. Mwenyekiti huketi, hunyamaza zaidi kuliko asemavyo, na akiifanya kazi yake barabara watu hutoka ukumbini wakidhani kwamba mambo yamekwenda yenyewe. Lakini hati nyingi zilizobadili maisha ya watu wa nchi hizi tangu miaka ya 1990 hazikuzaliwa jukwaani. Zilizaliwa mezani, mbele ya mtu aliyejua nani apewe nafasi ya kusema, nani angojewe, neno gani lifutwe, na saa gani kikao kiahirishwe ili watu wakalale.

Miongoni mwa watu wa kazi hiyo mmoja alitoka Masasi. Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso tarehe 12 Novemba 1938, akawa Rais wa tatu wa Tanzania toka 1995 hata 2005, na akafariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020. Wengi humkumbuka kwa ubinafsishaji wa mashirika ya umma, au kwa ukali wake juu ya uvivu wa kufikiri. Mambo hayo yana waandishi wake. Kazi nyingine, iliyodumu kuliko urais wake, ndiyo inayotazamwa hapa: kazi ya kuongoza mikutano mikubwa, ya chama, ya mataifa, na ya watu waliotoka kuuana. Katika kazi hiyo alipata ushindi mmoja usiosahaulika na mashinde mawili mazito, na yote matatu yana asili moja.

Nchi aliyotoka yahitaji maelezo kidogo. Masasi ni nchi tambarare yenye vilima vya mwamba mtupu vilivyosimama kimoja kimoja. Upande wa mashariki yake ardhi hupanda ikawa uwanda wa juu wa Wamakonde, na mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda huo, mahali ambapo mtu akisimama penye genge waliitalo Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake, na ng'ambo ya mto huona Msumbiji. Huko juu maji ni haba, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka miteremko mirefu kuyafuata. Mashamba ya mikorosho na mihogo yamelisha watu, lakini barabara za kuwatoa nje zilikuwa mbovu. Mvua zikinyesha na Rufiji ikifurika, kusini yote ilitengwa na Dar es Salaam. Mjumbe wa Newala aliyeitwa mkutanoni katika miezi ya masika hakuwa na hakika ya kufika. Daraja la Rufiji, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 likapewa jina la Mkapa, na huenda hakuna jambo alilolifanya lililowasaidia watu wa kusini kuhudhuria mambo ya nchi yao kuliko hilo.

Utengano huo haukuwafanya kuwa watu wasiojua mikutano. Wamakonde na Wamakua hufuata ukoo wa mama, na shauri la ndoa au la urithi halikatwi vyema mpaka wajomba wa pande zote mbili wawepo. Mjomba asipofika, watu huzungumza mvua na korosho, lakini shauri lenyewe hungoja. Misheni nazo zilileta mikutano ya namna yake. Askofu Edward Steere alianzisha kituo cha Waanglikana Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya karibu kuteketezwa katika vita vya Majimaji. Sinodi, halmashauri, vikao vya walimu, vyote vilikuwa na katibu, na katibu alikuwa na daftari. Yafaa kutajwa pia kwamba Masasi ilipata kuwa na askofu aliyekuwa bingwa wa mikutano ya aina nyingine: Trevor Huddleston, ambaye tarehe 26 Juni 1959 alihutubia pamoja na Julius Nyerere katika Holborn Hall, London, mkutano uliozaa harakati ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na ambaye mwaka uliofuata alikuja kuishika dayosisi ya Masasi hata 1968. Newala nayo ilimtoa Lawi Nangwanda Sijaona, kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU na waziri katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Lakini hao wawili walikuwa watu wa hadhara kubwa. Mkapa alikuwa mtu wa ukumbi uliofungwa.

Kabla ya kumwingiza ukumbini, lipo tukio moja la nchi ya Wamakonde lisiloweza kurukwa, kwa kuwa linaonyesha mkutano unavyoweza kuua. Tarehe 16 Juni 1960, ng'ambo ya Ruvuma, penye uwanda wa Mueda, umati mkubwa wa Wamakonde ulikusanyika mbele ya ofisi ya Wareno. Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, walikuwa wamekwenda kuomba mazungumzo, na gavana wa jimbo alikuja kuwasikiliza. Mazungumzo yalifanyika ndani. Umati ulibaki nje juani, usijue kinachosemwa. Kisha viongozi wakakamatwa, watu wakafanya ghasia, askari wakapiga risasi. Idadi ya waliokufa yabishaniwa hata leo: wengine husema ni watu kumi na kadhaa, na FRELIMO ikasema 600. Wamakonde wengi walivuka mto wakaja upande wa Tanganyika. Wakati huo Mkapa alikuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Makerere. Aliyetazama jambo hilo kwa jicho la mwenyekiti ataona kosa lake mara moja: upande mmoja uliitisha mkutano na upande wa pili ukaja na pingu. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Masomo ya Mkapa yalianzia Lupaso, yakapita Ndanda, seminari ya Kigonsera na Pugu, yakafika Makerere, alikosoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake akahitimu 1962. Akawa afisa wa serikali Dodoma, kisha akaingia wizara ya mambo ya nje, akasoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru. 1972 akawa mhariri wa Daily News. 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere. Na 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari, SHIHATA.

Miaka kumi hiyo ya uhariri ndiyo chuo chake cha kweli. Mhariri wa gazeti la chama katika siku zile alikuwa mtu wa baada ya mkutano. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, ikazungumza, ikakubaliana. Lakini wananchi walilipokea Azimio la Arusha kama maandiko, lilipotangazwa tarehe 5 Februari. Mtu ambaye kazi yake ni kuchukua maneno ya watu wengi na kuyafanya ukurasa mmoja hujifunza mambo ambayo msemaji hajifunzi kamwe. Hujifunza kwamba watu wawili waweza kukubaliana juu ya sentensi bila ya kukubaliana juu ya jambo, na kwamba hilo si unafiki kila mara. Pengine ndiyo njia pekee ya kuanza. Hujifunza pia kuogopa neno moja la ziada.

Baada ya hapo alikuwa balozi Nigeria, Canada na Marekani, na mara mbili waziri wa mambo ya nje, 1977 hata 1980 na 1984 hata 1990. Ilikuwa miaka ya nchi zilizo mstari wa mbele, na waziri wa Tanzania aliishi katika mikutano: Lusaka, Harare, Addis Ababa, New York. Hakuna haja ya kuifuata mmoja mmoja.

Mkutano uliomfanya Rais, yeye hakuuongoza. Mnamo Julai 1995 Mkutano Mkuu wa CCM ulikaa Dodoma kumchagua mgombea. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Katika duru ya pili Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Tofauti ya kura 47 iliamua miaka kumi ya historia ya nchi. Miaka kumi baadaye, Mei 2005, Mkapa aliketi kitini katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, chama kikimchagua mrithi wake. Kikwete akapata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Ushindani ulikuwa na uchungu wake, hasa maneno yaliyosemwa juu ya Salim, maneno ambayo chama hakikuyakemea kama ilivyostahili. Walakini kikao kilianza, kikapiga kura, kikafungwa, na walioshindwa hawakukihama chama. Katika Afrika ya miaka ile hilo halikuwa jambo dogo.

Shinde la kwanza lilikuwa Zanzibar. Chama cha CCM na chama cha CUF vilitia sahihi muafaka mwaka 1999, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Lakini uchaguzi wa Oktoba 2000 uliharibika, muafaka ukawa karatasi. CUF ikaitisha maandamano tarehe 27 Januari 2001. Serikali ikayapiga marufuku. Watu wakatoka hata hivyo, Unguja na Pemba, na polisi wakapiga risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, katika pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo huo vyama viwili vilitia sahihi muafaka wa pili, uliozungumzwa na wenyewe bila ya mgeni kati yao, na wengi waliusifu kuwa bora kuliko wa kwanza. Hapana shaka ulikuwa bora. Lakini ulikuja baada ya mazishi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019 Mkapa mwenyewe aliyataja mauaji ya Pemba kuwa doa katika urais wake. Ni haki kumpa sifa ya kukiri. Ni haki pia kusema kwamba serikali yake ilijua kuongoza watu waliokubali kuingia ukumbini, na haikujua la kufanya na waliobaki nje juani.

Nje ya nchi kiti chake kilizidi kukua. Tarehe 30 Novemba 1999 alitia sahihi Arusha, pamoja na Daniel arap Moi na Yoweri Museveni, mkataba uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Toka Agosti 2003 hata Agosti 2004 alikuwa mwenyekiti wa SADC. Tangu 2002 aliongoza, pamoja na Rais Tarja Halonen wa Finland, tume ya Shirika la Kazi Duniani iliyochunguza athari za utandawazi kwa maisha ya watu. Taarifa yake ilitoka 2004. Novemba 2004 wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Dar es Salaam wakatia sahihi tamko la amani na maendeleo. Katika mambo hayo yote kazi ilikuwa ile ile ya mhariri: rasimu, masahihisho, rasimu nyingine.

Ndipo ikaja Kenya. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipotangazwa kwa namna iliyozusha shaka, nchi iliwaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliokufa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Umoja wa Afrika ukawatuma watu watatu: Kofi Annan, Graça Machel, na Benjamin Mkapa. Walifika Nairobi katika juma la nne la Januari 2008.

Kiti kilikuwa cha Annan. Jambo hilo lisipotoshwe kwa mapenzi ya nyumbani. Mkapa aliketi kando yake. Lakini kiti cha kando nacho kina kazi. Kati ya watatu hao Mkapa pekee ndiye aliyekuwa Mwafrika ya Mashariki, amekuwa mkuu wa nchi jirani miaka kumi, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kila siku. Aliwajua Mwai Kibaki na Raila Odinga kabla ya kuwa wagomvi.

Tarehe 24 Januari wasuluhishi waliwakutanisha wakubwa hao wawili mbele ya Harambee House, wakapeana mikono mbele ya kamera. Ilikuwa siku njema iliyokaribia kuharibiwa na maneno machache: Kibaki alijitaja kuwa Rais aliyechaguliwa kihalali, na upande wa Odinga ukakasirika, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa shauri lenyewe. Hapo palionekana mkutano ulivyo kitu chepesi kuvunjika. Kilichosemwa kilikuwa neno la kawaida la serikali; mahali pake na saa yake ndivyo vilivyoligeuza kuwa moto.

Mazungumzo yalianza Nairobi tarehe 29 Januari, ujumbe wa serikali ukiongozwa na Martha Karua, na wa ODM ukiongozwa na Musalia Mudavadi. Utaratibu wake unastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa jambo hili. Ajenda zilikuwa nne: kukomesha ghasia, kuwasaidia walioathirika, kuutatua mgogoro wa siasa, na kuyashughulikia matatizo ya siku nyingi, ardhi, katiba, umaskini na ukosefu wa kazi. Mtu mwenye haraka angeanza na la tatu, kwa kuwa ndilo lililowaka. Wasuluhishi walianza na lile ambalo hakuna mtu angethubutu kulipinga hadharani. Nani angesema kwamba hataki ghasia zikome, au kwamba wakimbizi wasipewe chakula? Basi sahihi za kwanza zikapatikana mapema Februari, na watu waliokuwa hawatazamani wakawa wamekwisha kuandika majina yao katika karatasi moja. Kisha wajumbe wakapelekwa Kilaguni, katika mbuga ya Tsavo, mbali na waandishi wa habari na mbali na wafuasi wao. Huko walielezwa na kiongozi wa Ujerumani jinsi vyama viwili vikubwa vya nchi yake vilivyogawana serikali. Mwenye ujuzi wa jando la Masasi hatastaajabu kwamba watu hupelekwa porini ili wakirudi wawe watu wengine, ingawa hao wa Tsavo walirudi karibu na walivyokuwa.

Ajenda ya tatu ikagoma. Pande mbili zilibishana juu ya madaraka ya waziri mkuu: awe nani, awajibike kwa nani, nani aweza kumwondoa. Tarehe 26 Februari Annan aliyasimamisha mazungumzo. Wengi waliona ni kushindwa. Kumbe kilikuwa kitendo cha uenyekiti cha hali ya juu. Wajumbe walikuwa wamefika mwisho wa ruhusa waliyopewa, na kuwaacha waendelee kungewafundisha tu kukataa kwa ufasaha zaidi. Walioweza kuamua walikuwa wawili, na wawili hao hawakuwa mezani. Tarehe 28 Februari wakaitwa: Kibaki na Odinga, katika chumba cha Harambee House, pamoja na Annan, Mkapa, na Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Tanzania ilikuwa na Rais na Waziri Mkuu tangu zamani, na Kikwete alieleza jinsi wanavyofanya kazi pamoja. Msomaji akumbuke kura za Dodoma za 1995: wagombea wawili wa siku ile, aliyeshinda na aliyeshindwa, walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza wakiwaonyesha Wakenya wawili kwamba kushindwa si kifo. Haikuhitaji kusemwa. Baada ya saa kadhaa hati ikatiwa sahihi nje, mbele ya watu. Bunge likaipitisha sheria mwezi Machi, na Odinga akaapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 17 Aprili 2008.

Baada ya Kenya aliitwa kila mahali. Mwishoni mwa 2008 alipewa, pamoja na Olusegun Obasanjo, usuluhishi wa vita vya Kivu kati ya serikali ya Kongo na wapiganaji wa CNDP, na mapatano yakatiwa sahihi Goma tarehe 23 Machi 2009. Hayakudumu, kwa kuwa wapiganaji wale wale walizuka tena 2012 kwa jina la M23. Mwaka 2010 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alimpa uongozi wa jopo la watu watatu la kuangalia kura ya maoni ya Sudan ya Kusini. Kura ilipigwa Januari 2011 kwa amani, na asilimia 98.83 walichagua kujitenga.

Kisha Burundi, na hapa ndipo penye shinde la pili. Ukumbi ulikuwa Arusha, katika kituo cha mikutano cha kimataifa kilichojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya zamani. Ukumbi huo una kumbukumbu. Ni Arusha ambako Nyerere aliwakusanya Warundi toka 1998, akafariki Oktoba 1999 kazi haijakwisha, Nelson Mandela akaichukua, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, Mkapa akiwa Rais mwenyeji. Mkataba huo ulimaliza vita pole pole na kugawa vyeo na jeshi kati ya Wahutu na Watutsi. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza aligombea kwa mara ya tatu, wapinzani wakasema mkataba umevunjwa, likafuata jaribio la mapinduzi la mwezi Mei, mauaji, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi. Machi 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikamteua Mkapa kuwa mwezeshaji wa mazungumzo, chini ya Museveni aliyekuwa msuluhishi. Alikuwa na miaka 77.

Vikao viliitishwa Arusha Mei na Julai 2016, Februari 2017, mwishoni mwa 2017, na Oktoba 2018. Ukizisoma taarifa zake waona jambo moja likirudi kama kiitikio: kiti kitupu. Serikali ya Bujumbura ilikataa kuketi na watu iliowashitaki kwa mapinduzi, na muungano wa wapinzani walio uhamishoni, CNARED, ukakataa kutendewa kama mtu mmoja mmoja badala ya chama. Mwezeshaji alizunguka, akawafuata waliohama hata Brussels, akarudi. Desemba 2016 akafika Bujumbura, na huko akasema kwamba uchaguzi umekwisha fanyika, mahakama zimekwisha amua, na ubishi juu ya uhalali wa serikali hauna maana tena.

Kwa mwanasheria huenda maneno hayo yalikuwa sahihi. Kwa mwenyekiti yalikuwa maafa. Ni neno lile lile la Kibaki la Januari 2008, uhalali, safari hii likitoka katika kinywa cha yule aliyepaswa kulizuia. Wapinzani walimkataa wakataka aondolewe. Labda alikusudia kuivuta serikali mezani kwa kuiondolea hofu. Kama ndivyo, bei aliyoilipa haikununua kitu, kwa kuwa Februari 2017 serikali haikufika, na Oktoba 2018 haikufika tena. Mei 2018 ilikuwa imekwisha kubadili katiba kwa kura ya maoni.

Lakini lawama yote isiwekwe juu ya neno moja. Kenya ya 2008 ilikuwa na pande mbili ambazo kila moja ilijua kwamba haiwezi kutawala peke yake, na nyuma ya wasuluhishi zilisimama nchi zote kubwa zikisukuma upande mmoja. Burundi ya 2016 ilikuwa na upande uliokwisha kushinda na upande uliotawanyika ughaibuni. Marais wa Jumuiya nao hawakuwa na sauti moja, na Museveni hakuipa kazi hiyo muda wake. Mwenyekiti hana jeshi. Hana hata bahasha ya mwaliko yenye nguvu kuliko wale waliomtuma. Nyerere naye alikuwa na Warundi wakaidi, ila alikuwa na vikwazo vya uchumi ambavyo nchi jirani ziliiwekea Bujumbura toka 1996. Mkapa hakupewa silaha ya namna hiyo. Kijijini Masasi, mjomba asipokuja, shauri hungoja. Na atakuja, kwa sababu ukoo mzima utamwaibisha. Nani angeiaibisha Bujumbura?

Mwanzoni mwa 2019 Mkapa aliwakabidhi wakuu wa nchi taarifa yake ya mwisho, akawaachia wenyewe jambo hilo. Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni 2020, na Mkapa akafariki chini ya majuma saba baadaye. Tarehe 29 Julai alizikwa Lupaso, na Rais John Magufuli na umati mkubwa wa watu wa Masasi, Newala na Nanyumbu wakawa kaburini. Siku hiyo wakimbizi wa Burundi zaidi ya 150,000 walikuwa bado wako Tanzania, wengi wao katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, mkoani Kigoma.